Mathe Ana Miaka 48 na Amesahau Njia ya Nyumbani: Ni Jini ama ni Jeni?

Wacha tuseme uko Mtopanga. Mathe ana miaka 48, anauza viazi karai pale stage, na kwa hesabu hakuna mtu mtaani anamuweza. Siku hizi anarudisha chenji mara mbili. Anauliza swali, unamjibu, dakika tano anauliza lile lile. Halafu jioni moja anapotea njia ya kurudi nyumbani, njia ameipita miaka ishirini. Wiki haijaisha, mtaa ushaamua: amechezewa. Shangazi anataka apelekwe kwa mganga, jirani anasema ni jini, aitwe ustadh amsomee. Hakuna mtu anataja Alzheimer, juu si hiyo ni ya wazungu wazee?

Cheki hii. Mgonjwa wa kwanza kuandikwa kwa huu ugonjwa, Auguste Deter wa Ujerumani, alikuwa na miaka 51 tu alipoingizwa hospitali kule Frankfurt mwaka wa 1901. Alipokufa 1906, daktari Alois Alzheimer alichunguza ubongo wake akapata mabonge nje ya seli na nyuzi zimejisokota ndani. Ikianza kabla ya miaka 65, madaktari huiita ya mapema.

Sasa mambo iko hivi. Kwa ubongo wa kila mtu, yako ikiwemo, kuna protini inaitwa APP. Mwili huikatakata na kusafisha vipande. Mkasi wa kuikata una sehemu inaitwa presenilini, na ramani ya kuitengeneza iko kwa jeni mbili: PSEN1 kwenye kromosomu ya 14, na PSEN2 kwenye kromosomu ya 1. Herufi moja tu ikikosewa hapo, mkasi unaweza kuanza kukata vibaya. Vipande vinatoka virefu kidogo, vinanata. Hiyo ndiyo amiloidi. Inashikana pole pole kama juala kwenye mtaro, na ukija kugundua maji hayapiti, imeshajaa. Baadaye protini nyingine, tau, inajisokota ndani ya seli, na seli zinakufa. APP yenyewe jeni yake iko kwenye kromosomu ya 21, na ndiyo sababu watu wa Down sindromu, ambao wana nakala tatu za hiyo kromosomu, wengi hupata Alzheimer mapema.

Na hapa ndipo panauma. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ni kama shilingi imerushwa juu: 50 kwa 50. Angalia hiyo kitu kutoka nje. Fathe alichanganyikiwa akiwa na 45, sasa ni mtoto wa kwanza, wa pili yuko poa, wa tatu ndiyo huyo ameanza. Watu wanasema laana ya ukoo. Na mimi sitawacheka, maana macho yao hayakukosea. Kweli kuna kitu kinafuata damu. Ni jina tu walilipa sivyo.

Si sisi peke yetu. Kule Antioquia, Colombia, kuna ukoo mkubwa wenye hitilafu moja ya PSEN1, watu wanaanza kusahau wakiwa kwa miaka ya arobaini. Wenyeji waliuita "la bobera", yaani upumbavu. Daktari Francisco Lopera aliwafuata kuanzia miaka ya 1980 mpaka alipofariki 2024. Ndani ya ukoo huo akapatikana mama mmoja mwenye hitilafu hiyo hiyo lakini akili ikabaki sawa mpaka miaka ya sabini, inaonekana juu jeni nyingine, APOE, ilikuwa imemkinga. Wanasayansi wanatafuta dawa kupitia huyo mama mmoja.

Usipanik lakini. Alzheimer ya jeni moja kama hiyo haifiki hata asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer. Na si kila kusahau ni Alzheimer: kuna tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, kaswende, msongo wa mawazo. Hizo zinatibika, na nyingi vipimo vya damu vinazionyesha. Kuku mweusi hawezi kukuambia ni gani.

Mbona nakushikilia na hii stori? Panda matatu ya Malindi, saa moja hivi uko Kilifi. Huko wazee wameuawa miaka na miaka wakiitwa wachawi, wengine wanapaka nywele rangi nyeusi kuficha mvi. Ganze kuna makao ya Kaya Godhoma, wanaishi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe. Mzee anayetangatanga usiku akiongea peke yake ni rahisi sana kumbandika hilo jina, haswa kama ana shamba.

Dawa? Marekani iliidhinisha lecanemab 2023. Inapunguza kasi, haiponyi, na bei yake kule ilipotoka 2023 ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Kupima jeni nako ni mtihani: una miaka 25, unataka kujua kitu hakina tiba? Wengine hukataa, na hiyo ni haki yao.

Cha maana kwa sasa ni mathe aonwe na daktari, na uende naye wewe, juu yeye hatakumbuka kueleza. Andika ilianza lini, na nani kwa ukoo alianza hivyo akiwa na miaka mingapi. Kuna shirika pia, Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya, linashikana na familia kama hizo. Na kama kuna anko amekazana mathe apelekwe kwa mganga haraka haraka, muulize kwanza hati ya shamba anaitakia nini.