Refa wa mashinani asihukumiwe kwa macho ya runinga

RUNINGA imemfanya kila shabiki wa soka nchini kuwa refa. Jumamosi usiku hutazama ligi ya Uingereza, akaona tukio moja likirudiwa mara nne kwa mwendo wa kobe, na mistari ikichorwa ili kubaini bega la fowadi lilikuwa wapi. Jumapili alasiri huwa amesimama kando ya uwanja wa mtaani mwake, akidai uamuzi wa aina iyo hiyo kutoka kwa kijana aliye peke yake, ambaye silaha zake ni kipenga, kadi mbili, saa na macho mawili.

Hapo ndipo chimbuko la fujo nyingi zinazovuruga vipute vya mashinani. Sheria za soka ni 17, na ni zizo hizo kwa fainali ya Kombe la Dunia na kwa mechi ya vijana wa Ziwani au Likoni. Lililo tofauti ni uwanja zinakotumika. Asiyeutambua ukweli huo humwita mwizi mtu ambaye pengine ndiye pekee uwanjani aliyekisoma kitabu.

Sheria hizo ziliandikwa kwanza mjini London mwaka wa 1863, wakati ambapo manahodha walitarajiwa kusuluhisha mizozo yao wenyewe. Imani hiyo haikudumu. Mwaka wa 1891 refa alitolewa kando ya uwanja, akaingizwa ndani na kupewa mamlaka kamili, na ni mwaka huo huo ambapo penalti ilianzishwa. Mabadiliko yoyote hupitishwa na bodi ya kimataifa ya sheria za soka, IFAB, iliyoundwa mwaka wa 1886. Ndani yake Fifa ina kura nne, na Uingereza, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina kura moja moja. Kura sita zikipatikana, sheria hubadilika, na kwa kawaida huanza kutumika rasmi Julai 1.

Kutoka kwenye bodi hiyo hadi uwanja wa vumbi wa mtaani ni safari ndefu, na mengi hupotea njiani. Mfano mzuri ni kuunawa mpira. Mashabiki huamini kwamba mpira ukigusa mkono ndani ya kijisanduku, ni penalti. Kitabu hakisemi hivyo. Tangu mwaka wa 2021 kimeeleza bayana kwamba si kila mguso wa mkono ni kosa. Refa hutakiwa kujiuliza iwapo mchezaji alikusudia, au iwapo aliutanua mwili wake kwa mkono uliokaa mahali ambapo mwendo wake haukuulazimu kukaa. Kwa anayefunga bao kwa mkono wake mwenyewe, bao hukataliwa hata kama ilikuwa bahati mbaya.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimelikaribia jambo hili zamani. Kunawa ni tendo la hiari. Hakuna anayenawa bila kujua. Difenda aliyepigwa mpira mkononi kutoka umbali wa hatua mbili, mkono ukiwa umebanwa ubavuni, hakunawa. Amenawishwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa kuotea. Kusimama tu katika eneo la kuotea si kosa. Mwindaji aliyejificha kichakani hajaua mpaka arushe mkuki. Vivyo hivyo fowadi hana hatia mpaka aingilie mchezo, amzuie mpinzani au afaidike kwa kuwa pale. Tena hawezi kuadhibiwa akiupokea mpira moja kwa moja kutokana na kona, mpira wa kurushwa au mkwaju wa goli. Refa wa mashinani huyaamua haya yote akiwa mita 30 nyuma, huku washika vibendera wakiwa ni watu wa timu zenyewe, ambao kwa desturi huombwa waonyeshe tu mpira uliotoka nje.

Kunayo maamuzi ya ukweli na maamuzi ya maoni. Kama mpira umevuka mstari wote au la, huo ni ukweli, na refa anaweza kukosea. Lakini sehemu kubwa ya sheria ya 12, inayohusu madhambi, imeachiwa maoni yake. Aliyecheza kwa uzembe huadhibiwa kwa frikiki pekee. Aliyecheza bila kujali hatari kwa mwenzake huonyeshwa kadi ya manjano, na aliyetumia nguvu kupita kiasi hulishwa nyekundu. Kitabu hakina mizani ya kupimia nguvu hizo. Mizani ni refa.

Kwa sababu hiyo, refa hodari husoma uwanja kabla ya kusoma wachezaji. Kwenye nyasi laini, kumwacha fowadi aliyechezewa rafu aendelee ni faida. Kwenye uwanja wa mawe na mashimo, ambako mpira huruka usikotarajiwa, faida hiyo huenda ikawa jina tu. Sheria humruhusu kusubiri sekunde chache, na faida isipopatikana, arudi kuadhibu kosa la awali. Shabiki huliita hilo kigeugeu, kumbe ndiyo sheria yenyewe.

Hata hivyo, busara ina mipaka. Bodi ya sheria imeyaruhusu mashirikisho ya kitaifa kulegeza baadhi ya kanuni kwa soka ya vijana, wakongwe, walemavu na mashinani: ukubwa wa uwanja, uzito wa mpira, muda wa mechi, mchezaji aliyetolewa kurejea, na hata kumtoa kwa muda mchezaji aliyeonyeshwa manjano. Viatu na vikinga-ugoko havimo katika orodha hiyo. Refa anayemruhusu mtoto acheze pekupeku kwa kumhurumia, dhidi ya wenzake wenye viatu vya njumu, amevunja sheria, na mguu ukivunjika, lawama ni yake.

Lililo hatarini si alama tatu pekee. Refa anayezingirwa na umati akaingiwa na hofu hujifunza haraka kuwafurahisha wenyeji. Rafu iliyostahili nyekundu huwa frikiki, mkosaji huirudia, na kipaji cha miaka 17 huishia hospitalini. Marefa waadilifu nao hutundika vipenga vyao na kuwaachia uwanja wasiojali. Ikumbukwe kwamba marefa wanaosimamia ligi kuu walianzia kwenye viwanja vivi hivi.

Hii si kusema kwamba marefa wote ni malaika. Mwaka wa 2018, mwamuzi msaidizi Mkenya aliyekuwa ameteuliwa kwa Kombe la Dunia nchini Urusi alijiondoa baada ya kunaswa kwenye kamera akipokea pesa. Wapo pia wanaopuliza kipenga kwa sheria walizojifunza miaka kumi iliyopita, wasiojua kuwa tangu Julai 2025 kipa anayekawia na mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huadhibiwa kwa kona. Kumlinda refa si kumfunika maovu. Ni kumwondolea visingizio.

Tiba yenyewe haihitaji mabilioni. Shirikisho la Soka Nchini (FKF) linaweza kuhakikisha mabadiliko ya kila mwaka yanafafanuliwa kwa Kiswahili hadi kwenye matawi yake ya mashinani, kabla ya msimu kuanza. Kaunti, ambazo Katiba ya 2010 ilizipa jukumu la michezo na viwanja, zinaweza kununua kamba ya kuwatenga mashabiki na mstari wa pembeni. Waandalizi wa vipute wamlipe refa kabla ya mechi, wala wasimwache akingojea hisani ya timu iliyoshinda. Nazo timu zikumbatie mwongozo wa mwaka wa 2024, unaotaka nahodha pekee ndiye amwendee refa kuulizia uamuzi. Huo hauna gharama yoyote.

Mnamo Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilitunukiwa uenyeji wa Kombe la Afrika la 2027, na tangu hapo gumzo limekuwa viwanja, viti na taa. Ni haki yake. Lakini viti havichezeshi mechi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na refa atakayeiwakilisha Kenya kesho yumo leo katika uwanja fulani wa vumbi, akiamua peke yake iwapo mpira umenawiwa au umenawisha. Anachostahili kutoka kwa walio kando ya mstari ni nafasi ya kuamua bila kuogopa jiwe.