Ng'ombe walipoondoka Chicago, muziki haukuuokoa ukumbi

Wakazi wengi wa Chicago, Marekani, wenye umri mkubwa wanaukumbuka ukumbi wa International Amphitheatre kwa muziki. Hapo ndipo Elvis Presley alipopanda jukwaani Machi 1957 akiwa amevaa suti ya dhahabu, na hapo ndipo kundi la Beatles kutoka Uingereza lilipopiga mwaka 1964 na tena mwaka 1966. Hata hivyo, ukumbi huo haukujengwa kwa ajili ya wanamuziki. Ulijengwa kwa ajili ya maksai, kondoo na nguruwe, na kubomolewa kwake mwaka 1999 kuna somo kwa kila anayeishi kwa kuuza mifugo.

Habari yake inaanzia sokoni. Desemba 25, 1865, kampuni za reli zilifungua soko moja kubwa la mifugo kusini mwa jiji, lililoitwa Union Stock Yards. Kabla ya hapo kulikuwa na masoko madogo yaliyotawanyika. Sasa mfugaji wa mbali alipakia wanyama wake kwenye behewa, dalali akawapokea na kuwauza kwa kamisheni kwa wanunuzi wa viwanda vya nyama vilivyopakana na mazizi. Mwaka 1924 pekee soko hilo lilipokea wanyama zaidi ya milioni 18.

Kuanzia mwaka 1900 soko likawa na maonyesho ya kimataifa ya mifugo kila mwisho wa mwaka. Hayakuwa sherehe tu. Maksai aliyeshinda alipigwa mnada mbele ya umati, na wafugaji wakarudi makwao wakijua ni mnyama wa aina gani anayetakiwa na soko. Mei 19, 1934 moto uliteketeza sehemu kubwa ya soko pamoja na jengo la maonyesho. Wenye soko hawakusita. Ndani ya miezi michache walijenga ukumbi mpya, na Desemba mwaka huohuo mifugo iliingia humo.

Lakini maonyesho huchukua siku chache tu, na jengo kubwa hula fedha mwaka mzima. Ndiyo maana milango ikafunguliwa kwa wapangaji wengine. Maonyesho ya magari yalihamia hapo mwaka 1936. Mwaka 1952 vyama vyote viwili vikuu vya siasa viliwateulia humo wagombea wao wa urais. Democratic walirudi mwaka 1956, Republican mwaka 1960, kisha Democratic tena mwaka 1968, wakati polisi walipopambana na waandamanaji katikati ya jiji. Hata timu ya mpira wa kikapu ya Chicago Bulls ilicheza humo msimu wake wa kwanza, 1966 hadi 1967.

Wakati taa zikiwaka jukwaani, mazizi ya jirani yalikuwa yakipungukiwa. Kiwanda cha Wilson kilifungwa mwaka 1955 na cha Armour mwaka 1959. Sababu zilikuwa za hesabu. Kumsafirisha ng'ombe hai hadi mjini ni kulipia nauli ya ngozi, mifupa na utumbo, na mnyama hupungua uzito njiani. Barabara kuu na malori yenye majokofu viliwezesha kuchinja karibu na mfugaji, kisha kusafirisha nyama peke yake. Vijijini ardhi ilikuwa rahisi na ujira ulikuwa chini. Kampuni ya Iowa Beef Packers, iliyoanzishwa mwaka 1960, ilijengwa juu ya hesabu hiyo, na kufikia mwaka 1967 ilikuwa ikikata nyama kiwandani na kuiuza katika maboksi. Julai 1971 soko la Chicago likafungwa.

Ukumbi nao ukabaki bila mwenye nyumba wake wa asili. Ukumbi wa kisasa zaidi, McCormick Place, ulikuwa umefunguliwa mwaka 1960. Ulipoungua mwaka 1967 wateja walirejea kwa muda, lakini ulipojengwa upya mwaka 1971 wakaondoka. Maonyesho ya mifugo yalifikia kikomo mwaka 1975. Miaka iliyofuata muziki ulibaki, lakini mwanamuziki ni mpangaji wa usiku mmoja, na kumbi mpya zilipojengwa pembeni mwa jiji naye alihama.

Je, mfugaji alipata au alipoteza? Alipata kwa upande wa nauli na uzito. Alichopoteza ni mahali ambapo wauzaji wengi na wanunuzi wengi walikutana na bei ikaonekana na wote. Ikumbukwe kwamba soko la zamani halikuwa pepo. Kampuni kubwa za nyama zilikuwa na hisa katika masoko yenyewe, hadi mwaka 1920 zilipokubali mbele ya mahakama kuziachia, na mwaka 1921 ikatungwa sheria ya kusimamia mizani, kamisheni na malipo. Lakini uonevu wa sokoni ulionekana, ndiyo maana ulidhibitiwa.

Mwaka 1980 kampuni nne kubwa zilichinja asilimia 36 ya ng'ombe wa kunenepeshwa nchini Marekani. Leo zinachinja karibu asilimia 85. Sehemu kubwa huuzwa kwa mikataba ambayo bei yake hufuata bei ya mauzo ya wazi. Tatizo ni kwamba kadiri mikataba inavyoongezeka, ndivyo ng'ombe wanaouzwa kwa majadiliano ya wazi wanavyopungua. Wanyama wachache ndio wanaoamua bei ya wengi.

Mfugaji anayepelekewa mnunuzi hadi zizini ana sababu ya kufurahi, kwa kuwa ameokoa nauli. Lakini ajiulize bei anayotajiwa imetoka wapi, na kama bado kuna mnada wa jirani wa kuipima. Ukifa mnada huo, hatakuwa na cha kulinganisha.

Chicago, lango la mawe la soko lile bado limesimama, na juu ya tao lake kuna kichwa cha fahali kilichochongwa. Nyuma yake hakuna tena wa kuuza wala wa kununua ng'ombe.