Kabla ya Sayari, Iulizwe Nyota

Vijana wapendwa, kila inapotangazwa kwamba imeonekana "dunia nyingine", mabishano huzuka katika vikundi vyetu: mmoja anashangilia, mwingine anahofu kwamba imani imetikiswa. Mimi naona wote wawili wameikimbilia sayari na kuiruka nyota yake.

Simameni usiku ufukoni Kalundu mkatazame taa za wavuvi wa ndagala. Mvuvi akipitisha mkono mbele ya taa, sehemu ya mwanga huzibika. Je, mkono huo ni wa mtoto au wa mtu mzima? Hamwezi kusema mpaka mjue ukubwa wa taa yenyewe. Ndivyo darubini ya Kepler, iliyorushwa na Wamarekani mwaka 2009, ilivyotafuta sayari: ilipima mwanga unaopungua sayari inapopita mbele ya nyota. Kipimo hicho ni uwiano tu. Ukikosea ukubwa wa nyota, umekosea na wa sayari.

Ukubwa huo hujulikana kwa mtetemo. Gesi iliyo ndani ya nyota huchemka kama uji chunguni, na mchemko huo huzaa mawimbi ya sauti yasiyoweza kutoka nje. Hatuyasikii, lakini uso wa nyota hupanda na kushuka, na mwanga wake hubadilika kwa sehemu chache tu katika milioni. Jua letu hutetemeka hivyo kila baada ya dakika 5 hivi. Nyota kubwa hutetemeka polepole zaidi, kama ngoma kubwa itoavyo sauti nzito. Nanyi ngoma mwaitambua kabla hamjaiona. Tena, nyota inavyozeeka, haidrojeni ya kiini chake hugeuka heliamu, na mwendo wa mawimbi hubadilika. Hivyo mtetemo hueleza hata umri.

Kwa njia hiyo, mwaka 2015, Tiago Campante wa Chuo Kikuu cha Birmingham na wenzake walitangaza umri wa nyota Kepler-444: miaka bilioni 11 hivi. Jua lina bilioni 4.6. Nyota hiyo ina sayari 5, zote ndogo kuliko Dunia, na kila moja huizunguka kwa muda usiofika siku 10. (Ziko karibu nayo mno, asiote mtu kulima huko.) Jua lilipozaliwa, sayari hizo zilikuwa zimekwisha kuzunguka miaka bilioni 6 na zaidi.

Katekista mwenzangu mmoja aliona afadhali umri huo usitajwe mbele yenu. Sikukubali. Kijana anayefichwa habari hiyo ataipata katika simu, bila kuelezwa jinsi ilivyopimwa, naye atadhani tulikuwa tunaogopa.