Tuliomba daktari, tukamficha mjini



Jino likiuma usiku, mkazi wa Dar es Salaam husubiri kukuche, akaenda kwa daktari wa meno mtaa wa pili. Mama wa kijiji cha ndani kabisa huko Katavi husukutua maji ya chumvi, huvumilia wiki nzima, kisha huuza kuku apate nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Akifika amechelewa: jino ambalo lingezibwa linang'olewa.

Muhimbili inafundisha madaktari wa meno tangu 1979, lakini wengi wao wako mijini. Sababu zinajulikana. Mjini kuna umeme, maji na wagonjwa wenye bima. Kijijini mara nyingi hata nyumba ya mtumishi haipo.

Hata hivyo, tuambizane ukweli. Tunatoa nia za Misa ili mtoto afaulu udaktari. Akipangiwa wilaya ya pembezoni, tunahangaika kutafuta mtu wa kumhamisha. Zawadi tuliyoomba kwa Mungu tunaizuia isimfikie jirani.

Injili inatuonyesha Yesu akizunguka mijini na vijijini akiponya. Hakukaa Yerusalemu akingoja wagonjwa wamfuate.

Mzazi, mwanao akipangiwa kituo cha mbali, mbariki aende. Nanyi wanajumuiya mtakaompokea, mtafutieni nyumba na kumtembelea, asijione ametupwa. Huyo ni jibu la sala za mama yule.