Inhela Imesingiziwa

Ukikohoa mara tatu mfululizo pale Kenyatta Market, Nairobi, matibabu hutolewa papo hapo: "Ni baridi hiyo, vaa sweta." Ukionekana na inhela mkobani, sauti hushuka. "Dada, hiyo ukiizoea hutaiacha." Msusi anasema hayo huku akiendelea kusuka, mchoma nyama anaafiki ndani ya moshi wake, na mwenye kifua anarudia tembe za duka la dawa.

Imani hii inaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu, ambako ugonjwa huchelewa kutambuliwa.

Inhela ya buluu hufungua njia za hewa kwa saa chache tu; uvimbe wa ndani haiugusi. Kwa hiyo mgonjwa huivuta leo, kesho na keshokutwa, na majirani wakasema amezoea. Hajazoea chochote, hajatibiwa. Inayotuliza uvimbe ni inhela ya kinga, yenye steroidi kidogo inayoingia moja kwa moja mapafuni, na hiyo ndiyo huachwa kabatini kwa kuwa haileti nafuu hapo hapo. Tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haukubali tena mtu mzima atibiwe kwa ya buluu peke yake. Na huyo anayekimbia inhela ndiye humeza tembe za prednisolone kila akizidiwa, ambazo nazo ni steroidi, ila nyingi zaidi na inayozunguka mwili mzima.

Daktari bingwa wa kifua hakisii. Atakupulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi, kabla ya dawa na baada yake. Atajaribu ngozi yako kwa matone ya vitu vinavyoleta mzio. Atakutazama unavyovuta inhela, maana wengi huipuliza ikaishia mdomoni. Huenda hata akagundua kwamba si pumu, ni kifua kikuu au moyo.

Kisha atauliza swali ambalo sokoni haliulizwi: unafanya kazi gani? Unga wa kufifisha rangi ya nywele una persalfeti, kemikali inayojulikana kuleta pumu ya kazini kwa watengeneza nywele. Kama kifua hubana siku za saluni na kufunguka ukienda ushago, hata kama huko baridi ni kali kuliko Nairobi, sweta itasaidia nini?

Najua mabingwa ni wachache, na Hospitali ya Kenyatta hutaka barua ya rufaa. Si kila kikohozi kifike huko. Lakini anayeamshwa usiku kwa kubanwa, au anayevuta ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, akaiombe barua hiyo Hospitali ya Mbagathi. Kutoka sokoni ni mwendo wa miguu. Hata nauli si kisingizio.