Likasi–Lubumbashi kwa dakika 90: ahadi hii inaua

Kila asubuhi kwenye parkingi za Likasi, wenye kuita wasafiri wanapaza sauti: Lubumbashi, saa moja na nusu tu! Watu wanafurahi, wanalipa, wanapanda. Hakuna anayepiga hesabu, ingawa ni hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Toka Likasi mpaka Lubumbashi, kwa barabara ya kitaifa nambari 1, ni kilometa karibu 120. Gari inayokwenda kilometa 80 kwa saa, bila kusimama hata mara moja, inafika baada ya dakika 90. Lakini ni gari gani isiyosimama? Kuna peaji, kuna vizuizi, kuna msafiri anayeshuka Lwisha, kuna malori ya madini yanayopanda milima polepole. Tuseme hayo yote yanakula dakika 30 tu. Kwa dereva aliyeahidi dakika 90 zinabaki 60. Kilometa 120 kwa dakika 60 ni mwendo wa 120 kwa saa. Ndiyo maana halisi ya ile sauti ya parkingi.

Kwa mwendo wa 80, gari inakula meta 22 kila sekunde. Kwa 120, inakula meta 33. Mtoto akivuka barabara, dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, meta 33 zimekwisha. Na breki yenyewe inahitaji nafasi zaidi ya mara mbili kuliko kwa mwendo wa 80. Yote hayo kwa faida ya nusu saa.

Watu wa eneo hili wanakumbuka Februari 2019. Karibu na Tenke, upande wa Lualaba, lori lililobeba asidi liligongana na basi, watu karibu 20 wakafa. Malori ya namna hiyo yangali yanapita kila siku. Mwenye kukimbia kati yao anacheza na roho za watu.

Madereva watasema: tajiri wa gari anadai hesabu yake kila jioni, na wasafiri wenyewe wanapiga kelele «ongeza moto!». Ni kweli. Basi lawama ni ya watatu: tajiri anayehesabu safari bila kuhesabu masaa, dereva anayekubali, na msafiri anayeshangilia.

Familia zilizokimbia vita na kufika huku ndizo zinazodanganywa kwa urahisi zaidi. Hazijui njia, zinaamini kila neno, na mama mwenye mtoto mgongoni ananyamaza akijiona mgeni. Asinyamaze. Aliyelipa nauli ana haki ya kusema «dereva, polepole», awe mwenyeji au mkimbizi.

Dawa haihitaji pesa nyingi. Kila parkingi iandike ubaoni saa ya gari kutoka. Polisi wa barabarani waulize ilitoka saa ngapi, wagawe kilometa kwa masaa: gari iliyofika mapema mno imejishitaki yenyewe. Na msafiri ahesabu masaa mawili na nusu. Mwenye kazi Lubumbashi saa nne asubuhi aondoke Likasi saa moja, asimdai dereva wakati aliopoteza mwenyewe kitandani.