Ajali Hii Ina Kinga

Picha ile ningali nayo kwenye simu. Nimesimama ndani ya mto Gura, kule Aberdare, maji yakinifika magotini. Nimemshika trauti wa kahawia mwenye madoa, na nacheka hadi jino la mwisho. Marafiki waliisifu sana. Hakuna aliyeuliza kwa nini kidole gumba changu kimekaa pale kilipokaa. Nilikiweka makusudi, kufunika jeraha.

Trauti yule hakuiuma ndoana yangu. Ndoana ndiyo iliyomuuma yeye, mgongoni, karibu na pezi.

Mzee aliyekuwa akinifunza kuvua kwa nzi bandia alingoja nimrudishe samaki majini, kisha akasema, "Kijana, huyo hukumvua. Umemvuta shati."

"Ilikuwa ajali, mzee."

Aliutazama mshipi wangu. Ulikuwa na nzi wawili, mmoja juu na mwingine akining'inia chini yake, wote wamefungwa kwenye ndoana kubwa za mguu mrefu. Hakunijibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijijibu mwenyewe, na leo nataka kuwajibu wenzangu wote wanaotumia neno lile nililolitumia.

Ajali haina kinga, tunasema. Lakini dereva wa matatu akiingia barabarani kwenye mvua na tairi zenye vipara, kisha gari likateleza, hatumkubalii methali hiyo. Tunamuuliza kuhusu tairi. Mvuvi naye aulizwe kuhusu ndoana.

Tazama jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Trauti humkaribia nzi, humkagua, na mara nyingi humkataa. Anapogeuka, mshipi hutikisika kidogo. Wewe, kwa pupa, unavuta fimbo kwa nguvu. Ndoana iliyo wazi, yenye mdomo mpana na ncha inayotazama nje, hupita majini kama kulabu na kushika chochote inachokutana nacho: tumbo, pezi, jicho. Ukiwa na nzi wawili, hatari ni zaidi. Samaki anaweza kumuuma yule wa juu kihalali kabisa, kisha anapojipindapinda, ndoana ya chini ikamzunguka na kumchoma ubavuni. Ndoana yenye ncha tatu sitaki hata kuijadili. Hiyo ina nafasi tatu za kukosea kila unapovuta.

Samaki aliyenaswa ubavuni huvuta kuliko uzito wake, kwa sababu hukaa kingamo mbele ya mkondo na huwezi kumgeuza kichwa. Ndiyo maana wengi hudhani wamepata dume kubwa. Pambano huwa refu na samaki huchoka mno. Aliyenaswa karibu na mkia huburutwa kinyumenyume, na maji yanayoingia kwenye matamvua kutoka nyuma hayamsaidii kupumua.

Basi tuchague. Nzi mmoja, si wawili, hasa mto ukiwa umepungua na samaki wamebanana kwenye vidimbwi. Ndoana ya ncha moja. Ndoana ndogo, ya mguu mfupi: namba 14 mahali pa namba 8, na kumbuka kwamba namba ikipanda ndoana hupungua. Ncha iwe imeelekea ndani kidogo, ili ishike mdomo ulioifunga na iteleze juu ya ngozi iliyopitwa tu. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo hadi kilale. Kijino kilicholala hakizuii samaki kunaswa vibaya, lakini kikitokea, ndoana hutoka bila kung'oa nyama. Na mkono utulie: inua fimbo kwa kiasi, usiivute kama unang'oa muhogo.

Nimeshasikia pingamizi zote. Ya kwanza: bila kijino, samaki watatoroka. Watatoroka wachache, ukilegeza mshipi. Usiulegeze. Mvuvi anayehitaji kijino ili kufidia uzembe wa mkono wake anamtoza samaki ada ya mafunzo yake mwenyewe.

Ya pili: nitamla hata hivyo, mdomo na mgongo vina tofauti gani? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kila aliyenaswa angefika sufuriani. Lakini nyama ya ubavu ni laini. Ndoana huchanika nayo, mshipi hukatika, na samaki huondoka na kidonda, pengine na chuma ndani yake. Huyo hataliwa na mtu.

Ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ina ukweli ndani yake: trauti ni mgeni. Kweli, mbegu yake ililetwa Gura kutoka Scotland mwaka 1905, na Ewart Grogan, kwa starehe ya walowezi. Mimi mwenyewe siupendi mwanzo huo. Lakini samaki hakukata tiketi ya meli. Ukiona hafai kuwa mtoni, mvue, umuue upesi, umle. Historia ya ukoloni haikupi ruhusa ya kumchana.

Wapo waliokwisha kuamua. Kule Alaska, sheria ya uvuvi wa fimbo katika mito husema samaki aliyenaswa mahali pengine isipokuwa mdomoni arudishwe majini mara moja. Na wavuvi wanaotumia shanga zinazofanana na mayai ya samaki wamewekewa kipimo: ushanga uliokazwa kwenye mshipi usiwe zaidi ya inchi 2 kutoka kwenye ndoana. Kwa nini? Kwa sababu samaki huuma ushanga, na ndoana iliyo mbali chini yake huja kumkamata kwa nje, shavuni au jichoni. Waliotunga kanuni hiyo hawakusubiri mvuvi akiri nia yake. Walipima vifaa vyake.

Sisi tunaweza kujipimia wenyewe. Kabla ya safari ijayo, mwaga kijisanduku chako cha nzi mezani. Tenga zile ndoana ambazo, ukizipitisha polepole juu ya mkono wa sweta yako, zinanasa kila zinapogusa. Mimi nilifanya hivyo, na kijisanduku kikabaki nusu.

Tangu hapo navua samaki wachache kidogo. Picha ninazopiga siku hizi, kidole gumba kiko chini ya tumbo la samaki, panapostahili, na ukitazama vizuri utaiona ndoana pembeni mwa mdomo.